Kubadilisha Injini ya Gari la Zamani Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu magari ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980 ambayo bado yanaonekana barabarani Nairobi: Datsun 1200 na pikapu yake, Corolla DX, Peugeot 504, Land Rover Series na Volkswagen Beetle. Kanuni zinafaa hata kwa mengine ya rika hilo.

Injini yangu inatoa moshi na kula oili. Lazima niibadilishe?

Si lazima. Kwanza uangalie moshi unatoka lini. Moshi wa samawati unaotoka asubuhi unapowasha, kisha ukaisha, ni sili za valvu. Hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa samawati unaotoka ukiachia mafuta mteremkoni kisha ukakanyaga tena huashiria mirija inayoongoza valvu (valvu gaidi) iliyolika, kazi ya silinda hedi peke yake. Moshi mweupe mzito huku maji yakipungua ni gasketi ya hedi au hedi iliyopinda. Moshi wa samawati unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, pamoja na upepo unaofuka kwenye mfuniko wa oili, ndio ringi na silinda.

Kugonga kuna maana yake pia. Mlio mzito wa kugonga chini unaosikika zaidi injini ikibeba mzigo ni beringi za krankshafti. Mlio mwepesi wa juu unaofuata mwendo wa injini mara nyingi ni nafasi ya valvu tu.

Ovaholi, yaani kuifungua injini uliyo nayo na kubadilisha vilivyolika, ndiyo njia safi zaidi kisheria, kwa sababu namba haibadiliki. Badilisha injini ikiwa bloku imepasuka, krankshafti imeshasagwa hadi saizi ya mwisho ya beringi, au vipuri vya ovaholi havipatikani.

Nichague injini gani?

Ile ya ukoo uleule. Hilo tunalirudia kwa kila anayeuliza, na wengi huondoka wakiwa hawajaridhika kwa sababu walitaka kitu cha kasi. Injini ya ukoo mmoja hukaa kwenye mauntingi (vishikizi vya injini) zilezile, hushika gia boksi ileile na hutumia kebo na waya zilezile. Injini ya ukoo mwingine hukudai mauntingi mpya za kuchomelewa, propela shafti ya kukatwa, sampu (karai la oili chini ya injini) ya kubadilishwa umbo, rejeta nyingine na waya upya. Injini yenyewe huwa sehemu ndogo ya bili hiyo. Magari mengi yaliyosimama nyuma ya gereji yakiota nyasi yalikwama hapo: injini ilinunuliwa, ikaingizwa kwa nguvu, pesa zikaisha kabla ya propela.

Nina Corolla DX yenye injini ya 4K. Ipi inaingia?

5K. 4K ina sentimita za ujazo 1,290, silinda za milimita 75. 5K ina 1,486, silinda za milimita 80.5, na mwendo wa pistoni ni uleule wa milimita 73. Kwa nje zinafanana sana, na 5K hushika gia boksi ya K50 iliyopo.

Tatizo ni kwamba 5K nyingi zilitoka kwenye LiteAce na TownAce, ambako injini iko chini ya kiti. Sampu, bomba la kufyonza oili, manifoldi, mabrakiti ya mauntingi na bomba la kijiti cha oili ni vya van na havitakaa kwenye DX. Kwa hiyo usiuze wala kutupa 4K yako kabla kazi haijaisha. Hamisha kutoka kwake sampu pamoja na bomba lake la kufyonza, mabrakiti, manifoldi zote mbili, kabureta, pampu ya maji na feni. Sampu na bomba la kufyonza huenda pamoja. Ukichanganya ya van na ya DX, bomba huning'inia mbali na oili au hugusa chini, na injini hufa kwa kukosa oili.

5K nyingi zina tapeti za haidroliki, ambazo hazipimwi nafasi. 4K yenye tapeti za kawaida hupimwa ikiwa moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za ekzosi. Fundi akikuwekea 0.20 kwenye tapeti za haidroliki, injini italia kama cherehani na hutajua kwa nini. Ujazo wa oili ni takriban lita 3.5 pamoja na filta.

Kuna 7K pia, ya 1,781. Bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo ekzosi na nafasi chini ya boneti hubadilika. Inafanyika, lakini si kazi ya wikendi.

Na Datsun 1200?

A12 ina ujazo wa 1,171. A14 ina 1,397 na A15 ina 1,488, zote za ukoo wa A, na hukaa kwenye mauntingi za A12. Bloku ya A14 na A15 ni ndefu kama milimita 15 zaidi, kwa hiyo bomba la ekzosi halifiki pale lilipokuwa na kifuniko cha filta ya hewa hukaribia boneti. Linganisha milango ya hewa ya hedi na manifoldi kabla ya kufunga. A15 za Vanette zilikuwa nyingi Nairobi enzi za matatu hizo, na hapo tena sampu ni ya van. Ukiambiwa A14 imetoka kwenye Nissan ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele, achana nayo. Hiyo ilikaa kwa kukingama, yaani kutoka upande hadi upande wa gari.

Peugeot 504 je? Fundi wangu anasema ataweka injini ya Toyota.

Muulize atafanya nini na tyubu ya propela. Kwenye 504, propela inazunguka ndani ya bomba la chuma linalounganisha gia boksi na difu moja kwa moja. Bomba hilo ni sehemu ya mfumo wa nyuma wa gari. Ukiweka injini ya Toyota na gia boksi yake, bomba halina pa kushika, na unalazimika kubuni upya kila kitu hadi difu. Kama hana jibu la haraka, hajawahi kuifanya.

Njia nyepesi ni injini ya Peugeot yenyewe, XN1 ya 1,971, iliyokuwa kwenye 504 zenyewe na pia kwenye 505 za kabureta. Inaingia hata pale ambapo gari lilikuja na XM7 ya 1,796. Usichanganye na injini ya 505 GTi, ambayo ni ukoo mwingine kabisa. Ufaransa iliacha kutengeneza sedan ya 504 mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo vipuri vyake bado si adimu kama vya magari mengine ya rika lake.

XN1 ina silinda za kuchomolewa zinazozungukwa na maji. Hedi ikitolewa, silinda hizo zibanwe chini kwa washa na bolti papo hapo. Krankshafti ikizungushwa bila kuzibana, silinda hunyanyuka, sili za chini huachia, na wiki moja baadaye oili ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ukinunua XN1 ambayo hedi yake imeshafunguliwa na kuachwa hivyo mezani, hesabu kwamba sili zote za silinda ni za kubadilishwa.

Injini imelala upande, kwa hiyo ukiinyanyua kwa cheni moja itageuka. Tumia mbili. Ni nafuu kuitoa peke yake na kuacha gia boksi ikiwa imeegemezwa kwa jeki.

Land Rover na Beetle?

Land Rover Series yenye 2.25 ya petroli hupokea injini ya dizeli ya 200Tdi ya lita 2.5 kwa marekebisho madogo kwenye gia boksi yake. Zile zilizotoka kwenye Defender ni rahisi kuliko za Discovery kwa sababu ya mahali turbo ilipo. Difu za Series za 4.7 zitaifanya injini ipige kelele ukifika kilomita 80 kwa saa. Wengi huweka difu za 3.54. Ukibaki na petroli, kumbuka Kenya iliacha petroli yenye risasi tangu 2006. Hedi za chuma za Kiingereza zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu, kwa hiyo wakati wa ovaholi weka viti vigumu upande wa ekzosi.

Beetle ndiyo rahisi kuliko zote. Bolti nne zinashika injini. 1600 inaingia mahali pa 1300 au 1500, mradi uhesabu meno ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini): 109 ni ya mfumo wa volti 6, 130 ni ya volti 12. Stata na flaiwili lazima zilingane.

Nataka injini ya kisasa ya sindano za mafuta. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya ukiwa na bajeti. DX nyingi za vijana zimewekwa injini ya 4A ya Toyota. Hakikisha unahesabu haya: gia boksi ya T50 na kengele yake (ganda linaloishikanisha na injini), kwa sababu injini nyingi za 4A zinazokuja kutoka Japani zilikingama na gia boksi zake ni za magurudumu ya mbele. Hesabu pia idadi ya bolti za flaiwili, maana hazifanani kwenye 4A zote. Distributa na bomba la maji lililo nyuma ya hedi hugonga ukuta wa kabini.

Mafuta: kabureta huhitaji presha ya takriban ba 0.2 hadi 0.3, sindano huhitaji karibu ba 3. Kwa hiyo pampu mpya ya umeme, bomba la chuma au hosi ya sindano yenye klipu zake, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Hosi ya kabureta ikiwekwa hapo itapasuka, na petroli itamwagika juu ya ekzosi. Nunua injini pamoja na kompyuta yake na waya zote zikiwa hazijakatwa. Kifurushi cha waya kilichokatwa na msumeno karibu na soketi kinakula siku nyingi za fundi wa umeme.

Nitaipata wapi?

Anza Kirinyaga Road na vichochoro vya Grogan, kisha Ngara, halafu maduka ya injini za mitumba ya Japani Industrial Area. Kariobangi Light Industries ni pa kutengenezea zaidi kuliko pa kununulia: huko ndiko kwenye mafundi wa leti na wachomeleaji.

Lakini jua hili: magari yaliyotumika yanayoingia Kenya lazima yawe chini ya miaka 8, na injini zinazokuja kutoka Japani sasa ni za kompyuta na za kukingama. Injini za ukoo wa K (4K, 5K) na A (A12, A14, A15) hazimo kwenye makontena hayo ila kwa bahati. Unachotafuta tayari kiko nchini, ndani ya gari lililokufa kwa ajili ya bodi, si kwa ajili ya injini. Mtu mwenye LiteAce iliyooza sakafu ni bora kuliko duka, kwa sababu injini bado inawaka ndani ya gari.

Chanzo ambacho wengi hawakifikirii ni foklifti. 5K na A15 zilitumika sana kwenye foklifti za Toyota na Nissan, na Industrial Area ina maghala mengi. Foklifti husoma saa badala ya kilomita. Mafundi hukadiria saa moja kuwa kama kilomita 50 za uchovu. Zina gavana ya kupunguza mwendo, sampu tofauti na wakati mwingine kamshafti ya mwendo wa chini, hivyo utahamisha vitu vingi kutoka kwa injini yako.

Nitaipimaje kabla sijalipa?

Injini iliyo ndani ya gari: iguse ikiwa baridi kabla ya kuwashwa. Muuzaji aliyeipasha moto mapema ana kitu anachoficha. Fungua mfuniko wa oili. Utelezi mweupe kama mala ni maji ndani ya oili, ingawa kidogo tu kwenye gari linalofanya safari fupi asubuhi za Julai si kifo. Washa, usikilize sekunde tano za kwanza: taa ya oili izime upesi na kugonga kusisikike.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, koili ikatwe, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, betri iwe na nguvu, na stata ipige mizunguko sita hivi kwa kila silinda.

Hapa ndipo wengi hukosea Nairobi. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya Mombasa. Injini ambayo Mombasa inasoma psi 170 itasoma karibu 138 hapa, nayo ni nzima. Mtu anayesoma kitabu bila kujua hilo hukataa injini nzuri, na muuzaji mjanja hutumia hilohilo kukuuzia mbovu akidai ni mambo ya mwinuko. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10 au 15 kutoka ya juu hadi ya chini, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Geji ya vakyumu nayo husoma chini: ambapo pwani ni inchi 17 hadi 21, Nairobi tarajia 11 hadi 15, sindano ikiwa imetulia. Ikitetemeka kwa mpigo sawasawa, valvu moja haifungi.

Injini iliyo sakafuni haiwezi kuwashwa kwa urahisi, lakini inaweza kupimwa ukiifungia stata na betri. Izungushe kwanza kwa spana kwenye bolti ya krankshafti, mizunguko miwili kamili. Sukuma na uvute puli ya mbele kwa mkono: mchezo unaohisika kwa wazi unamaanisha washa za mhimili zimekwisha. Tazama ndani ya mashimo ya plagi kwa tochi kama kuna kutu. Injini iliyokaa nje mvua ya masika mbili bila plagi ni chuma chakavu, hata ikipakwa rangi ya fedha. Rangi mpya ya fedha, kwa kweli, ni sababu ya kuangalia mara mbili.

Omba muda wa kurudisha, uandikwe kwenye risiti. Ule wa "ukifika na ukijaribu" usioandikwa huisha ukivuka mlango.

Karatasi zinahitajika lini?

Kabla ya spana ya kwanza. Injini nyingine ina namba nyingine, na logibuku yako inataja ile ya zamani. Mabadiliko hayo husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kwa kawaida utatakiwa kuwa na logibuku, PIN ya KRA, risiti ya injini au hati za forodha kama iliagizwa, ukaguzi wa polisi wa DCI kuhakikisha namba haitafutwi, na ukaguzi wa gari lenyewe. Ujazo ukibadilika, nao hubadilishwa kwenye rekodi. Thibitisha orodha ya sasa kwenye akaunti yako ya NTSA, kwa sababu utaratibu hurekebishwa.

Piga picha ya namba ya injini kabla ya kulipa. Iwe imepigwa kwenye uso laini wa bloku, herufi ziwe na kina sawa. Alama za mashine ya kusaga karibu nayo, kovu la kuchomelewa au herufi zilizopinda, ondoka. Risiti iwe na jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, namba ya injini na gari ilikotoka. Ikitoka kwenye gari lililosajiliwa Kenya, chukua nakala ya logibuku ya gari hilo.

Mjulishe wa bima pia. Siku ya ajali, injini isiyolingana na logibuku ni sababu rahisi ya kukataa dai.

Ninunue nini pamoja na injini?

Vile ambavyo ni kazi ya dakika tano injini ikiwa nje, na ya siku nzima ikiwa ndani: klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi; beringi ndogo iliyo mwisho wa krankshafti; sili ya nyuma ya krankshafti; mauntingi tatu za raba; plagi za maji za bloku, hasa ile ya nyuma inayofichwa na flaiwili; thamostati na hosi zote; gasketi ya sampu na ya ekzosi. Flaiwili ipelekwe kwa fundi wa leti isafishwe uso. Lita nne za oili ya 20W-50, filta mbili, na kipozeshi cha rangi, si maji ya bomba. Hedi za aluminiamu hulika kwa maji matupu.

Kazi yenyewe inaendaje?

Piga picha kila kitu, na uandike kila waya kwenye tepu ya karatasi. Toa kichwa hasi cha betri kwanza. Chora kwa penseli mahali bawaba za boneti zilipo, kisha uitoe. Mwaga maji na oili. Toa rejeta mapema, kwa sababu ndiyo inayotobolewa injini ikiyumba.

Tenganisha bomba la mafuta na uzibe kwa bolti, kebo ya mafuta na ya choki, waya za alternata, stata, koili na vihisi, bomba la ekzosi, na kebo ya spidi. Kwenye gari lenye propela wazi, tia alama kwenye flanji na difu ili irudi ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka kwenye Thika Road. Propela ikichomolewa, funga mdomo wa gia boksi kwa mfuko wa plastiki na raba, au oili yake itakuwa sakafuni.

Kwenye DX na Datsun, injini na gia boksi hutoka pamoja vizuri, pembe ikiwa kali, ukiwa umetoa wenzo wa gia ndani ya kabini. Tumia kreni ya injini au cheni bloku ya tani moja iliyofungwa kwenye chuma kinachoaminika. Mbao za paa la mabati hazikujengwa kubeba injini, na hakuna mtu apitishe mkono wala mguu chini yake inaponing'inia.

Ziweke injini mbili kando kwa kando. Saa moja ya kulinganisha hapa huokoa wiki: mabrakiti, sampu, upande wa filta ya oili, mahali pa stata, tundu la kihisi cha joto, urefu wa pampu ya maji, idadi ya bolti za flaiwili. Hamisha kinachotakiwa.

Funga klachi kwa kutumia shafti ya zamani ya gia boksi au kijiti kilichochongwa kuilenga katikati. Sukuma gia boksi kwa mkono hadi iguse bloku pande zote. Ikibaki nafasi ya kidole, klachi haijalengwa au shafti haijashika meno. Zungusha krankshafti kidogo na ujaribu tena. Kuivuta kwa bolti huvunja masikio ya kengele ya aluminiamu. Hakikisha pini mbili za kuongoza kati ya bloku na kengele zipo. Bila hizo, gia boksi inakaa upande kwa nywele chache, na beringi yake huanza kulia baada ya miezi.

Waya wa ardhi kati ya injini na bodi husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Ukisahau, umeme wa stata hutafuta njia kupitia kebo ya choki au ya mafuta, na kebo huwaka moto mkononi mwako. Kwa alternata yenye regyuleta ya ndani, toa ile ya zamani ya ukutani kwenye mzunguko. Zikibaki zote mbili, chaji haitakuwa sawa.

Kuwasha mara ya kwanza?

Plagi nje, koili imekatwa, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime. Baada ya hapo ndipo plagi zirudi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2 kwenye K, A na XN1. Ikirudisha moto kwenye kabureta, distributa imekaa kinyume: silinda ya kwanza ilikuwa juu, lakini kwenye mwendo wa ekzosi badala ya wa kubana.

Ikiwaka, ishike mizunguko 1,500 hivi, na mtu mwingine atazame chini kwa tochi. Inua pua ya gari, fungua hita, ujaze maji polepole hadi mapovu yaishe. Kwa kamshafti mpya, shika mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke. Injini iliyotumika haihitaji hilo. Pima taimingi kwa taa, bomba la vakyumu likiwa limetolewa na kuzibwa.

Badilisha oili na filta baada ya kilomita 500, kaza bolti za mauntingi na nati za ekzosi. Kwenye Peugeot, hedi nayo hukazwa tena kwa utaratibu wa kitabu.

Inachemsha kwenye msongamano, lakini barabarani iko sawa.

Ni feni au hewa iliyonaswa. Angalia kwanza feni: ya van ikiwekwa kwenye DX yaweza kuwa mbali na rejeta. Kifuniko cha plastiki kinachozunguka feni kirudi. Kisha mfuniko wa rejeta. Maji Nairobi huchemka karibu nyuzi 94, na thamostati ya 88 hukuachia nafasi ndogo sana. Mfuniko unaoshika ba 0.9 husogeza kuchemka zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliochoka raba hauzuii chochote, na bei yake ni ndogo kuliko ya gasketi. Kuondoa thamostati, dawa inayopendwa Jogoo Road, huifanya injini ifanye kazi baridi na kula mafuta, bila kutibu chanzo.

Ikichemka kwenye mpando wa Waiyaki Way kuelekea Limuru na si kwenye foleni, tatizo ni rejeta iliyoziba au taimingi iliyochelewa.

Plagi zimekuwa nyeusi na petroli inaisha haraka.

Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari humimina mafuta mengi hapa, kwa karibu asilimia 10. Punguza jeti kuu kwa kama asilimia 5 ya kipenyo, yaani 110 iwe 105, kisha usome plagi baada ya kilomita 50. Rangi ya kahawia nyepesi ndiyo unayotafuta.

Hewa hiyohiyo nyembamba hula karibu moja ya tano ya nguvu ya injini isiyo na turbo. 5K ni kubwa kuliko 4K kwa asilimia 15. Maana yake, baada ya kazi yote hii DX yako Nairobi itavuta karibu kama DX mpya ya 4K ilivyovuta Mombasa. Kwa gari la rika lake, hiyo inatosha, na breki zilezile zinaimudu.

Injini ya zamani niifanyeje?

Ihifadhi pamoja na namba yake. Ipake oili ndani ya silinda, ziba mashimo yote, iweke juu ya mbao, si sakafuni. Mnunuzi anayetafuta gari la asili hulipa zaidi kwa bloku iliyozaliwa na gari, na bloku ya 4K iliyosagwa saizi ya kwanza bado ina ovaholi ndani yake.

Nimkabidhi fundi kwa masharti gani?

Kwa hatua, si kwa siku. Lipa sehemu injini ikitoka, sehemu ikiwa ndani na imefungwa, na ya mwisho baada ya gari kupanda hadi Limuru na kurudi bila kuvuja. Spea ununue wewe, za zamani zirudi kwako ndani ya katoni, na hesabu bolti za kengele kabla hajaondoka.